Chema Hakijiuzi Juu ya Mti

Ukitaka kuwachokoza mafundi wa miti wa Uingereza, wale wanaopanda kwa kamba kupogoa na kuangusha miti kwenye bustani za watu, waulize kama biashara ndogo ina haja ya ithibati ya chama. Mwenye gari moja, msaidizi mmoja na mashine ya kusaga matawi atakujibu bila kupepesa macho: simu haikauki, wateja wananitangaza wenyewe, nembo ya nini? Sisi kwetu tungemuunga mkono kwa methali, chema chajiuza, na mjadala ungeishia hapo. Methali hiyo ina mahali pake. Muuza mandazi mazuri kweli hana haja ya cheti, kwa sababu mlaji anajua ukweli kabla hajameza. Kwa kazi ya miti, imani hiyo ni uongo mtupu, na wanaoishikilia zaidi ni mafundi wazuri wenyewe, ambao ndio inaowaumiza.

Tuanze na sheria, maana wengi tunadhani nchi zile kila kitu kina leseni. Tanzania, mkandarasi wa ujenzi hafanyi kazi kihalali mpaka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Uingereza hakuna bodi ya mafundi wa miti. Mtu akinunua msumeno wa mnyororo asubuhi, jioni anaweza kujiandika fundi wa miti ubavuni mwa gari lake na asiulizwe na yeyote. Kanuni za usalama zipo, tena kali. Zile za mwaka 1998 zinataka vifaa vinavyombeba mtu juu vikaguliwe na mjuzi angalau kila baada ya miezi 6. Zile za mwaka 2005 zinasimamia kazi zote za kwenda juu. Lakini kwa biashara ya watu wawili, mkaguzi wa serikali mara nyingi huonekana baada ya mtu kuanguka.

Kwa hiyo anayebaki kumpima fundi ni mteja. Na mteja anapima nini?

Chukua mkato mmoja tu wa tawi. Pale tawi linapotokea kwenye shina huwa na uvimbe unaolizunguka, mfano wa kola ya shati. Fundi anayejua kazi hukata mara tatu. Kwanza huchanja kwa chini, mbali kidogo na shina, ili tawi likianguka lisichune gome. Kisha hukata kwa juu, mbele kidogo ya mchanjo ule, tawi lishuke. Mwisho huondoa kisiki kilichobaki, akipitisha msumeno nje tu ya ule uvimbe bila kuugusa. Akimaliza, shinani panabaki kinundu. Mteja anakiona na kununa: mbona hujamalizia? Fundi mbovu hufyeka sambamba na shina, uvimbe na vyote, pakawa laini ukipapasa. Mteja anatabasamu na kulipa.

Aliyeonyesha ubaya wa mkato ule laini ni Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kwa urefu ili aone kilichomo ndani. Katika miaka ya 1970 alieleza kwamba mti haurudishii nyama iliyooza. Huizungushia kuta, uozo usisambae, kisha huendelea kukua kwa nje. Na ule uvimbe ni sehemu ya ulinzi huo. Ukiukata, umefungua mlango wa shina. Gome litakuja kufunika jeraha, kwa nje pataonekana pamepona, na ndani mti utaoza taratibu kwa miaka.

Kukata kichwa ni balaa kubwa zaidi. Mteja anaogopa mti mrefu, fundi anaufyeka juu kama tunavyoona kwetu chini ya nyaya za umeme, na watu wanashukuru kwamba sasa pako salama. Mti unajibu kwa machipukizi mengi ya haraka yaliyoshikilia juu juu tu, pembeni ya jeraha linalooza. Miaka kadhaa baadaye yamekuwa matawi mazito yasiyo na mizizi ndani ya shina. Upepo ukija, yanashuka. Kufikia hapo nyumba imeshauzwa, na aliyekata ameshabadilisha namba ya simu.

Sasa soma sifa ambazo wateja huandika. Alikuja kwa wakati. Alifagia uwanja. Bei yake nzuri, kijana mpole. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalohusu mti. Sifa za mdomo kwa mdomo, ambazo fundi mdogo anazitegemea, zinasambaza habari za ufagio. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alieleza kwa kutumia magari yaliyotumika kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha zuri na bovu hukataa kulipia zuri, na wenye mazuri huondoka sokoni. Fundi anayelipia mafunzo, anayekaguza kamba, anayekata bima, anashindana kwa bei na mtu asiyelipia chochote, mbele ya hakimu asiyeona tofauti. Halafu anatuambia chema chajiuza!

Hapo ndipo ithibati inapokuwa na maana, ikiwa ni ithibati kweli. Arboricultural Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1964, hakitoi idhini kwa wakandarasi wake kwa kusoma fomu tu. Mtathmini anafungua makabrasha ya ofisini: bima, vyeti vya misumeno, kumbukumbu za ukaguzi wa vifaa, jinsi malalamiko yanavyoshughulikiwa. Kisha anakwenda uwandani kutazama watu wakifanya kazi, na anaangalia kazi zilizokwisha kama zinafuata BS 3998, kiwango cha kazi za miti ambacho toleo lake la sasa ni la mwaka 2010. Swali linalowatoa jasho wengi haliendi kwa bwana mkubwa aliye juu. Linakwenda kwa kijana wa chini anayekusanya matawi: huyu akizirai pale sasa hivi, utamshushaje? Kamba ya uokoaji iko wapi, na mara ya mwisho ulifanya zoezi lini? Wateja wote wa mtaa mzima hawatauliza swali hilo miaka mia.

Gharama, wanasema. Kweli, kwa watu wawili ada inauma, na maandalizi yanakula siku ambazo zingeingiza pesa. Sitalibeza hilo. Lakini vunjavunja hiyo gharama. Sehemu kubwa ni vitu ambavyo sheria inavitaka tayari, au ambavyo mtu mwenye akili hawezi kupanda bila kuwa navyo. Anayesema ithibati imemgharimu sana kwa sababu ilibidi akaguze mikanda, mwulize alikuwa anapanda na nini kabla ya hapo. Na fundi akiukata mti uliowekewa ulinzi na halmashauri bila kibali, yeye na mwenye nyumba wote wanaweza kushtakiwa, na kwa kuuangamiza faini haina kikomo. Kosa moja la namna hiyo linameza ada za maisha yote.

Wanachopatia wapinzani ni kwamba nembo zimezidi. Zipo za usalama, za wajenzi, za tovuti za kutafutia mafundi. Nyingi unajaza maswali, unapandisha nakala za vyeti, unalipa, unabandika. Hakuna aliyekuja kuona hata jani. Hizo nazipinga kwa nguvu zote. Zinauza imani ambayo wauzaji hawakuitolea jasho, na zimemfanya mteja azione nembo zote kuwa mapambo. Fundi mdogo anayezilipia nne au tano kwa mwaka anatupa pesa, na angezikusanya angepata ada ya ile moja yenye mtathmini mwenye buti zenye matope.

Wengine wataniambia wamemwona mwenye ithibati akifanya kazi ya hovyo. Nami nasadiki. Tofauti ni kwamba huyo ana mahali pa kushtakiwa na kitu cha kunyang'anywa. Asiye na chama unamshtaki kwa nani, kwa jirani aliyekutajia jina lake?

Liko pia jambo ambalo fundi wa pekee haliwazi mpaka limkute: elimu ya fani inasonga. Mwongozo ambao chama hicho kilitoa mwaka 2020 kuhusu kazi za juu ya miti ulisisitiza kwamba mpandaji afungwe kwa mifumo miwili ya kamba, kila mmoja na nanga yake, isipokuwa pale tathmini inapoonyesha kuwa kamba ya pili ingeongeza hatari. Wakongwe waliopanda kwa kamba moja miaka nenda rudi walipiga kelele. Baadhi ya hoja zao zilikuwa na uzito, lakini walio ndani ya chama angalau walibishana wakiwa mezani. Walio nje walisikia minong'ono, na wapo wanaopanda na kamba moja hadi leo wakiamini uzoefu unatosha.

Kwa hiyo biashara ndogo inayopanda juu ya miti ya watu iingie, tena mapema, kabla haijazoea njia za mkato. Asiyepanda kabisa, anayepunguza ua na kusaga visiki, abaki na pesa zake. Huyo sina ugomvi naye.