Tusizike Betri Kabla ya Kuchunguza Kifo

Kiswahili cha gereji kina usemi mmoja uliotugharimu fedha nyingi: "Betri imekufa." Gari likikataa kuwaka alfajiri, hiyo ndiyo hukumu itolewayo. Betri hung'olewa, mpya hununuliwa, na baada ya miezi michache nayo hufa. Mimi ni mwanaisimu, na nauona usemi huo kuwa zaidi ya sitiari. Humtaja mwenye hatia kabla ya uchunguzi kufanywa. Aghalabu betri hiyo haikufa kifo chake. Iliuawa kwa njaa.

Nazungumzia hasa magari ya kupita njia mbovu, yale yanayotumiwa na serikali za kaunti, mashirika ya misaada, walinzi wa wanyamapori na watafiti. Gari la aina hiyo hutoka kiwandani likiwa na alteneta iliyokadiriwa kutosheleza mahitaji yake lenyewe. Kisha sisi twaongeza taa kali za mbele, friji ya dawa, redio ya masafa marefu na winchi ya kujivuta matopeni. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alteneta nayo haina kinywa cha kulalamika.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Gawanya wati kwa volti, upate ampea. Chukua gari lenye mfumo wa volti 12 na alteneta ya ampea 80. Usiku, taa zake za kawaida, feni, vifuta kioo na vifaa vya injini vyaweza kula ampea 30. Ongeza taa nne za wati 100 kila moja: hizo ni ampea 33. Friji ndogo yataka kama ampea 5 inapofanya kazi, na redio ya masafa marefu yaweza kuvuta ampea 20 msemaji anapozungumza. Jumla ni ampea 88. Tayari tumelivuka pato la alteneta, na winchi hatujaigusa.

Tena zile ampea 80 hupatikana injini inapozunguka kwa kasi. Gari likisimama huku injini ikinguruma taratibu, na joto likiwa kali, alteneta yaweza kutoa nusu ya kiasi hicho au pungufu. Pengo hilo hulipwa na betri. Winchi iliyolemewa yaweza kuvuta ampea 400. Ikifanya kazi hivyo kwa dakika 2 tu, alteneta yenye ziada ya ampea 20 itahitaji zaidi ya dakika 40 kurudisha kilichotumika.

Wapo watakaosema: ongezeni betri ya pili. Shauri hilo ni jema, lakini ni nusu ya shauri. Mtungi wa pili hauongezi maji ya kisima. Betri ya pili hufaa kwa kuwa friji huweza kula humo usiku kucha bila kuigusa betri ya kuwashia injini, mradi pawepo relei ya kuzitenganisha injini inapozimwa. Lakini betri zote mbili hungojea chakula kutoka jiko lile lile. Jiko likiwa dogo, tutazika mbili badala ya moja.

Kwa maoni yangu, mpangilio ufaao ni huu. Kwanza, tupunguze ulaji: taa za LED za wati 40 zikichukua mahali pa zile za wati 100, ampea 33 hushuka hadi 13 hivi. Pili, ikiwa bado kuna upungufu, tufunge alteneta kubwa zaidi. Mkanda wake lazima uwe imara, maana alteneta kubwa huhitaji nguvu zaidi kuizungusha, na mkanda legevu huteleza. Tatu, nyaya za kuchajia na za kurudisha umeme kwenye bodi ziwe nene, kwa kuwa waya mwembamba huugeuza umeme kuwa joto kabla haujafika. Nne, kila waya mkubwa uwe na fyuzi karibu na betri, la sivyo msuguano mmoja waweza kuliteketeza gari. Magari mapya yana jambo jingine: kompyuta yake huweza kupunguza volti za alteneta, na betri ya pili isijae kamwe. Hayo huhitaji chaja maalumu kati ya betri hizo mbili.

Haya si mapambo ya wenye kupenda magari. Lami imefika Moyale, lakini ukiiacha Marsabit ukaelekea North Horr kupitia jangwa la Chalbi, hakuna gereji ya kukimbilia. Chanjo nyingi zapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Friji ikizimika, chanjo huweza kuharibika, na mama aliyetembea na mwanawe tangu alfajiri hurudi mikono mitupu. Ambulensi nayo isipowaka, mgonjwa hana wa kumlilia.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Kila gari la umma linalofungwa vifaa vya ziada liwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili ndani ya mlango wa dereva. Uonyeshe kila kifaa na ampea zake, na pato la alteneta gari likiwa limesimama na likiwa mwendoni. Uonyeshe pia kwamba betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6, kwamba injini ikiwaka mita husoma kati ya 13.8 na 14.4, na kwamba ikishuka chini ya 13, betri inaliwa. Hesabu hizo, zikifanywa, hubaki kwa Kiingereza katika faili za waliolinunua gari, ilhali dereva na fundi huzungumza Kiswahili.

Lugha hii inayaweza hayo yote. Ampea, volti, relei na fyuzi zimekwisha kuwa maneno yetu, kama ilivyokuwa stima kabla yake. Kilichobaki ni kuacha kuuliza betri imekufa lini, tukauliza umeme unaingia kiasi gani na unatoka kiasi gani. Fundi akijibu hilo kwa tarakimu, hapo ndipo tununue betri.