Wazazi, na sisi tuna kazi ya nyumbani

Mara nyingi hapa tunaandika juu ya Kiswahili cha watoto. Leo nataka tuzungumze juu ya Kiingereza chetu sisi watu wazima, na najua wapo watakaoguna.

Miezi michache iliyopita mama mmoja wa kwetu alikuwa katika wodi ninayofanya kazi, akisubiri upasuaji wa mawe ya nyongo. Muuguzi mwenzangu, Mwingereza, akamwuliza: “You haven't eaten anything this morning?” Mama akajibu bila wasiwasi: “Yes.” Muuguzi akashtuka. Aliyekula hapelekwi kupasuliwa, kwa sababu akishapewa dawa ya usingizi chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu. Jina lake likakaribia kufutwa kwenye orodha ya siku ile. Nikasogea, nikamwamkia, nikamwuliza kwa Kiswahili. Akasema: “Mwanangu, si nimemwambia ndiyo? Ndiyo, sijala. Tangu jana usiku sijatia kitu mdomoni.”

Mwenyewe ameniruhusu niwasimulie, ila nisimtaje.

Mama yule anajua Kiingereza. Anapanda basi, analipa bili zake, anaongea na majirani. Neno alilosema ni sahihi, ila alijibu kwa utaratibu wa Kiswahili. Kwetu ukiulizwa “Hujala?” ukajibu “Ndiyo”, maana yake ni “ulivyosema ni kweli, sijala”. Kiingereza hakiangalii kama umekubaliana na muulizaji, kinaangalia kitenzi: “yes” huenda na “I have”, na “no” huenda na “I haven't”. Kinyume chake ni hatari zaidi. Aliyekula akijibu “No”, akikusudia “hapana, nimekula”, atapelekwa kupasuliwa huku ameshiba.

Wengi wetu ndipo tulipo hapo, ngazi ya kati. Mwanzoni kila mtu alijifunza kwa sababu ya shida. Tulipoweza kununua, kufanya kazi na kupokea simu, tukaacha. Makosa yaliyobaki hayatuzuii kwenda sokoni, lakini yanatuumbua hospitalini, kwenye mahojiano ya kazi na kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Wengine tumeanza kumwachia mtoto wa miaka 10 atusemee kwa daktari. Naona hilo si sawa. Mtoto asibebeshwe habari za uvimbe wa mama yake. Katika NHS unaweza kupatiwa mkalimani bila malipo, mwombe unapopanga miadi. Lakini mkalimani hatakuwapo kila mahali, kwa hiyo mazoezi hayaepukiki.

Maoni yangu ni kwamba tufanye mazoezi ya sarufi pale hasa Kiswahili na Kiingereza vinapoachana. Wengi mna kile kitabu cha buluu cha Raymond Murphy, “English Grammar in Use”, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985. Kimeandikwa kwa watu wa ngazi ya kati, na ni kizuri: ukurasa wa kushoto una maelezo, wa kulia una mazoezi. Kosa letu ni kuanza somo la 1, tukachoka kwenye la 6, kikabaki juu ya kabati. Hakikukusudiwa kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fungua yaliyomo, chagua linalokusumbua.

Mbali na hilo la “yes” na “no”, nasikia matatu yanayotusumbua sana. La kwanza ni “he” na “she”. Sisi tuna “yeye” tu, hivyo mzazi anasema binti yake anaumwa, kisha anaendelea na “he”. Anayeandika anasimama na kuuliza: ni mtoto yupi sasa?

La pili ni “-me-”. Kwetu hueleza pia hali uliyomo sasa hivi. “Nimechoka” ni “I am tired”, na “amelala” ni “he is asleep”. Ukisema “he has slept”, muuguzi ataelewa kwamba mgonjwa alipata usingizi na sasa yuko macho. Na ukitaja “yesterday”, usitumie “have” tena: sema “I saw the doctor yesterday”.

La tatu ni vile vineno “a” na “the”. Watu husema Kiswahili hakina kitu kama hicho. Hebu sikiliza: “nimenunua kitabu” na “nimekinunua kitabu”. Ile “-ki-” inaonyesha ni kitabu tunachokijua wewe na mimi. Ukiisikia tofauti hiyo, umeshaanza kuielewa “the”.

Namna ya kufanya ni rahisi. Chukua daftari dogo na dakika 10 kila siku. Andika sentensi 3 ulizosema siku hiyo kazini au dukani, zile ulizotilia shaka. Tafuta somo lake kitabuni, zisahihishe, kisha ziseme kwa sauti mara kadhaa. Kujaza nafasi zilizoachwa wazi peke yake hakutoshi, maana ukiwa na kalamu una muda wa kufikiri, na mbele ya daktari muda huo huna.

Wapo wanaosema: si bora tuongee Kiingereza na watoto nyumbani, tupate mazoezi? Hapo nakataa. Mtoto anapata Kiingereza wiki nzima shuleni, tena kizuri kuliko changu. Nyumbani atapata kwangu makosa yangu, na atakosa Kiswahili ambacho hana pengine pa kukipata. Na wewe mzazi, katika lugha ambayo maneno yako ni machache, utamwonyaje? Utambembelezaje akilia? Na bibi akipiga simu, ataongea na nani?

Nanyi watoto, mama akimwita dada yenu “he”, msicheke. Jumamosi iliyopita nilisikia “kitabu yangu” darasani zaidi ya mara moja, wala sikucheka. Ni kosa la aina moja. Kiingereza hakina ngeli, ndiyo maana ninyi mnazisahau. Kiswahili hakitenganishi “he” na “she”, ndiyo maana mama anasahau. Basi fanyeni mapatano. Baada ya chakula cha jioni mwulize mama maswali 5 kama lile la “You haven't eaten?”, naye ajibu haraka. Kisha yeye akutajie vitu 5 vya jikoni, nawe useme “changu”, “yangu” au “langu” inavyostahili. Atakayekosea zaidi aoshe vyombo.

Nina ombi moja la mwisho. Kila Jumamosi watoto wakiwa darasani, sisi wazazi tunakaa koridoni na simu zetu. Nusu saa ya muda huo tuweke meza moja na chai, kila mmoja aje na sentensi moja iliyomtia aibu wiki hiyo. Nitakuwapo kila Jumamosi nisiyokuwa na zamu. Yangu ninayo tayari: miaka yote hii ya uuguzi, na bado nikichoka usiku namwita mzee wa kiume “she”.