Uchungu wa Pumwani na Kamusi ya Mtandaoni

Mjamzito anayefika katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani akisema kwamba ana uchungu hahitaji mkalimani mbele ya mkunga aliyelelewa na Kiswahili. Hata hivyo, Eastleigh iko jirani, na humo wamo akina mama ambao lugha yao ya nyumbani ni Kisomali na Kiswahili chao kingali kichanga. Mmoja wao akilitafuta neno hilo katika programu sahili ya kutafsiri, huenda akapewa ladha ya shubiri, au kinyongo cha moyoni, kabla ya kupewa maumivu ya uzazi. Na akiambiwa kuwa chupa imepasuka, programu inayotafsiri neno kwa neno itamsimulia habari za vioo sakafuni.

Kwa aliyesomea tarakilishi, kuunda programu ya wavuti ya kutafsiri na kutamka maneno si kazi kubwa. Panahitajika ukurasa mmoja wenye kisanduku cha kuandikia, orodha ya maneno nyuma yake na kitufe cha kusikilizia. Kazi hiyo huweza kukamilika kwa siku chache. Ugumu umo katika orodha yenyewe na katika sauti, na hizo ni kazi za mwanafunzi wa Kiswahili. Ajabu ni kwamba yeye ndiye anayekaa kando akisubiri wenzake wa tarakilishi, kisha hucheka matokeo yanapopotoka.

Historia haimpi kisingizio. Kamusi Project, kamusi ya Kiswahili iliyotangulia nyingi katika mtandao, ilianzishwa mwaka wa 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale na Martin Benjamin, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa uzamili na uzamifu wa anthropolojia. Google nayo iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri mwaka wa 2009. Iweje basi idara za Kiswahili za Afrika Mashariki, zenye walimu wa mofolojia na fonolojia, zibaki kuwa watumiaji tu?

Tuchukue mofolojia. Mtumiaji haandiki shina la kitenzi, huandika alichokisikia. Akiandika "anatapika", programu isiyojua viambishi itamjibu kwamba neno hilo halipo, kwa kuwa orodha ina "tapika" peke yake. Mwanatarakilishi ataambiwa aondoe viambishi awali, naye ataviondoa vyote bila huruma. Likija "amejifungua", ataondoa a-, -me- na -ji-, abaki na "fungua", na mama aliyezaa atakuwa amefungua mlango. Anayejua kwamba "jifungua" lastahili kuwa kidahizo chake lenyewe ni yule aliyekesha akisoma sarufi. Maarifa hayo yakibaki katika karatasi za mtihani yanamfaa nani?

Suala la matamshi ni zito zaidi. Vivinjari vingi vya leo vinaweza kusoma maandishi kwa sauti, lakini simu isiyo na sauti ya Kiswahili huweza kuyasoma kwa kanuni za Kiingereza, neno "pole" likatoka kwa silabi moja. Fauka ya hayo, tahajia yetu, ijapokuwa nyepesi, haionyeshi mkazo. "Barabara" yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya kupitia. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili, ni jambo lililo sawasawa. Faili moja ya sauti haitoshi kwa maneno hayo mawili. Suluhisho ni kurekodi sauti za watu, neno baada ya neno.

Sauti za nani? Wapo watakaosisitiza kuwa Kiswahili sanifu hakiwezi kutoka Nairobi, seuze Pumwani. Wanasahau kwamba mtaa huu uliasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kwamba miongoni mwa familia za Kiislamu za Majengo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa. Bibi wa Majengo haazimi lugha anapozungumza. Arekodiwe yeye, kwa idhini yake na jina lake likisitiriwa akitaka, kwa sababu sauti anayohitaji mgeni kuizoea ni ile atakayoisikia wodini na sokoni Gikomba. (Sheng isiogopwe pia: TUKI yenyewe ilichapisha kamusi ya Sheng ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga mwaka wa 2003.)

Maneno mia tatu ya afya ya uzazi yanatosha kuanzia: uchungu, chupa, kondo, kitovu, kunyonyesha na mengine ya aina hiyo, kila moja na muktadha wake, na wakunga wakiyakagua kabla hayajatolewa. Programu hii haichukui nafasi ya mkalimani.

Kinachotisha ni utunzaji. Viongozi wa vyama vya wanafunzi hubadilika mara kwa mara, na ada ya anwani ya tovuti isipolipwa ukurasa hutoweka pamoja na jasho lote. Kwa hiyo orodha ihifadhiwe katika faili ya maandishi ya kawaida, sauti zikae katika folda moja iliyopangwa kialfabeti, na nakala za vyote viwili ziachwe idarani mikononi mwa mhadhiri mmoja, ili kundi lijalo likianza lisirudi tena kwa bibi wa Majengo kumwomba atamke yale yale.