Jikoni kwa Wawili: Aleji si Kudeka

Umemwalika mpenzi chakula cha usiku, mara anakwambia karanga, maziwa na ngano vinamdhuru. Usinune, wala usidhani anadeka. Kwa mwenye aleji, ile "onja kidogo tu" inaweza kumvimbisha midomo na kumbana pumzi ndani ya dakika chache. Kwa hiyo muulize kwanza, tena kila kitu, hata samaki na nazi.

Akisema hivyo viwili havina neno, mpikie samoni wa kukaanga. Sosi nyingi za samaki huyu hutiwa siagi, krimu au sosi ya soya, ambayo mara nyingi ina ngano. Sisi tuna tui, shida iko wapi?

Mahitaji (watu 2)
Minofu 2 ya samoni yenye ngozi (changu pia anafaa)
Tui zito kikombe 1
Ukwaju mzito kijiko 1 cha chakula
Kitunguu saumu punje 2 na tangawizi kipande, vitwange
Binzari manjano nusu kijiko cha chai
Pilipili, giligilani, chumvi, mafuta

Kabla ya kuwasha jiko
Osha kikaangio na mwiko kwa sabuni. Mafuta yaliyokaangia karanga au chapati yaweke kando, tumia mapya. Bizari za paketi soma lebo, nyingine huchanganywa na unga.

Namna ya kupika
Kausha samaki kwa tishu hadi asiwe na maji, mpake chumvi. Mafuta yakipata moto, mlaze ngozi chini na umkandamize kidogo asijikunje. Muache dakika 4 hadi 5 bila kumgusagusa. Ngozi ikikauka itabanduka yenyewe. Mgeuze, dakika 2 nyingine, mtoe.

Kwenye kikaangio hicho hicho kaanga saumu, tangawizi na binzari. Mimina tui, punguza moto, koroga lisikatike. Likianza kuwa zito tia ukwaju na pilipili, onja chumvi, epua. Mwaga sosi kwenye sahani, samaki juu, ngozi ibaki kavu. Nyunyiza giligilani, pakua na wali.

Na ikitokea midomo imevimba au pumzi inabana, msisubiri ipoe: ana sindano yake ya dharura, achome, kisha hospitali saa hiyo hiyo.

Haya, mle mshibe, na jioni iwe njema!