Jina Kabla ya Mtambo

Maendeleo ya mawasiliano aghalabu hupimwa kwa mitambo inayoonekana: minara, nyaya na kompyuta. Kipimo hicho ni pungufu. Shule, hospitali au chama cha ushirika wilayani Same kikitaka kuwa na seva yake ya barua na ujumbe wa mtandao, kazi yenye maana zaidi hufanywa kabla mtambo haujawashwa. Nayo ni kazi ya kuandika majina.

Zamani barua ya mkazi wa Chome, Mbaga au Mamba iliweza kungoja katika sanduku la posta la shule au la kanisa, kisha ikapandishwa mlimani na mtu aliyejua njia. Mwandikaji hakuhitaji kuijua njia ile. Alihitaji anwani tu. Mfumo wa majina ya intaneti, ujulikanao kwa herufi DNS, hufanya kazi hiyo hiyo. Ulibuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris huko Marekani, kwa sababu orodha moja ya kompyuta zote, iliyotunzwa mahali pamoja, ilikuwa imeshindwa kwenda sambamba na ongezeko la mitandao.

Kanuni ya mfumo huo si ngeni kwa Wapare. Katika bonde la Makanya maji huanzia Vudee, hupita Bangalala, na masalio yake hushuka hadi Makanya. Wala hapana mtu mmoja anayegawa maji yote. Kila ndiva, yaani lambo likusanyalo maji usiku ili yafunguliwe mchana, ina kamati yake na zamu zake. Madaraka ya majina ya intaneti nayo hugawanywa vivyo hivyo. Anwani samedc.go.tz, ya Halmashauri ya Wilaya ya Same, husomwa kutoka kulia: tz ni Tanzania, herufi ambazo nchi ilikabidhiwa mwaka 1995; go ni serikali; samedc ni halmashauri yenyewe. Kila ngazi hutunza daftari la ngazi iliyo chini yake tu. Shule hupewa sc, vyuo ac, mashirika yasiyo ya kibiashara or, na makampuni co.

Jina likiisha patikana, rekodi zinazotakiwa ni chache. Rekodi ya A hutaja namba ya seva. Ile ya MX hutaja seva ya kupokea barua. Zikiwa mbili, yenye namba ndogo hutangulia, 10 kabla ya 20. MX sharti ielekezwe kwenye jina, si kwenye namba tupu. PTR hufanya kinyume cha A, yaani hutoka kwenye namba kwenda kwenye jina. Nayo kwa kawaida huandikwa na kampuni inayouza huduma ya intaneti, kwa hiyo yafaa iombwe mapema. Kisha SPF hutaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la taasisi, DKIM hutia sahihi katika kila barua, na DMARC humweleza mpokeaji la kufanya na barua iliyoshindwa majaribio hayo. Hayo si mapambo. Tapeli anayeandika kwa jina la hospitali, akidai fedha kwa ndugu wa mgonjwa, hazuiliwi na mtambo wa bei kubwa. Mistari hii mitatu ndiyo inayomwekea vikwazo.

Upande wa ndani lipo daftari la watumiaji. Aghalabu kompyuta hulisoma kwa utaratibu wa LDAP, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1990. Daftari hueleza nani yumo, yu idara gani na ana ruhusa gani. Barua ifikapo, seva huliuliza daftari. Jina lisipokuwamo, barua hukataliwa. Hapa taasisi haina budi kuwa na msimamo: anwani rasmi iwe ya cheo, si ya mtu. Mwalimu mkuu akihamishiwa wilaya nyingine, anwani ya mwalimu mkuu ibaki Same, na barua zake akabidhiwe mrithi wake pamoja na funguo za ofisi.

Wapo wasemao kwamba shule ndogo ya milimani haina haja ya hayo yote, maadamu zipo huduma za bure za nchi za nje. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa mtambo: umeme hukatika, na fundi yu mbali. Haina uzito kwa upande wa jina. Seva yaweza kukodiwa Dar es Salaam au ng'ambo; jina likiwa la shule, seva huhamishwa na anwani isibadilike. Anayetumia jina la mwingine hana uhuru huo.

Tena, seva ikizimika, desturi ya intaneti humtaka mtumaji aendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Bali jina likifutwa kwa kutolipiwa ada, barua hurudishwa papo hapo. Kwa hiyo ada isisahauliwe, na seva za majina ziwe mbili au zaidi, mahali mbalimbali. Siku ya kuhamisha seva ikikaribia, muda wa kuhifadhiwa kwa rekodi upunguzwe mapema, kwa mfano kutoka sekunde 86,400, yaani siku nzima, hadi 300, ili habari ya zamani isiendelee kuzunguka.

Swali la mwisho ni la nani ashike funguo. Jina likiandikishwa kuwa mali ya kijana aliyekuja kufunga kompyuta, siku atakapoondoka ataondoka nalo. Liandikishwe kwa taasisi. Ada yake iwekwe katika bajeti. Neno la siri litunzwe na watu wawili wenye dhamana. Kamati ya ndiva haimkabidhi zamu za maji mpita njia aliyesaidia kuzibua mfereji. Bodi ya shule au ya hospitali nayo isimkabidhi mpita njia anwani yake.