Vichipu vya kuongeza nguvu ya gari havifanyi kazi

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe madereva kuhusu vile vichipu vinavyochomekwa kwenye soketi ya OBD2 chini ya usukani, vikiuzwa kwa ahadi ya kuongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nimevifungua kadhaa: ndani mna kibao kidogo, taa mbili tatu za kuwakawaka na kitufe. Sehemu ya kuwasiliana na kompyuta ya injini haimo kabisa. Sasa vitabadilisha nini?

Kuipanga upya programu ya kompyuta yenyewe ni jambo jingine. Kwenye dizeli yenye turbo, kama Hilux, fundi mjuzi huongeza nguvu ya kweli, ingawa klachi na turbo ndizo zitakazobeba mzigo huo. Kwa Vitz au IST ya petroli isiyo na turbo, ongezeko ni dogo mno, hata hulisikii.

Inaniuma dereva wa teksi anapotoa hesabu yake ya siku kununulia kitu kisichofanya kazi, huku plagi zimechoka na filta ya hewa imejaa vumbi. Aanzie hapo.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam