Kidonge cha maji kisisingiziwe
Klorini ikitiwa kwenye maji haiishii kuua vimelea. Huungana pia na mabaki ya majani, mizizi na kinyesi yaliyooza majini, zikazaliwa kemikali mpya. Zinazojulikana zaidi ni trihalomethani, na klorofomu imo humo. Mholanzi Johannes Rook alizieleza mwaka 1974, alipozikuta kwenye maji ya Rotterdam. Tafiti kadhaa zimeona saratani ya kibofu ikiongezeka kidogo kwa watu walioyanywa maji yenye kemikali hizo kwa miongo, ingawa haijathibitika kuwa ndizo chanzo.

Inaudhi kusikia habari hiyo ikibebwa nusunusu hadi kisimani na kugeuzwa hukumu: vidonge vya maji vinaleta kansa, bora maji ya asili. Maji ya asili ya Singida mwisho wa kiangazi ni yapi? Ni ya lambo ambalo ng'ombe wameingia hadi tumboni, ndoo ya lita 20 yenye rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake mna kuhara kwa watoto, homa ya matumbo, na ukifika msimu wake, kipindupindu. Kile kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi ya bara, nacho humuua mtu kwa saa chache. Hakimsubiri miaka 30.

Suala hili limepimwa hapahapa nchini. Daniele Lantagne na wenzake walitia vidonge vya klorini kwenye maji ya Tanzania, safi na ya tope, na matokeo yao ya mwaka 2010 hayakuonyesha sampuli hata moja iliyovuka viwango vya trihalomethani vya Shirika la Afya Duniani. Kwa klorofomu, kiwango hicho ni miligramu 0.3 kwa lita, kilichokadiriwa kwa mtu anayeyanywa maji hayo maisha yake yote. Shirika hilohilo linaonya kwamba kuua vimelea kusilegezwe kwa kuziogopa kemikali hizi.

Tope lina ubaya wake: hula klorini kabla haijamaliza kazi. Maji yatulizwe, yachujwe kwa kitambaa, ndipo kidonge kitiwe na dakika 30 zisubiriwe. Harufu hafifu ya klorini inayobaki, ile inayolalamikiwa, ndiyo dalili kwamba kinga bado ipo.

Kemikali ya kuihofia Singida ni floraidi, inayotoka kwenye miamba na kuingia visimani. Hutia meno rangi ya kahawia na, ikizidi sana, huharibu mifupa. Klorini haiiondoi, kuchemsha huizidisha. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Leo kikomo ni 1.5. Kamati za maji na wananchi wadai majibu ya maabara ya kila kisima, floraidi ikiwa ya kwanza, na kidonge kiendelee kutiwa kwenye ndoo.